Aliyeagwa Mara Tatu

Damasi alikuwa karani wa masjala, na kama hujui masjala ni nini, basi ni kile chumba cha ofisi ya serikali ambamo barua yako huingia ikiwa changa na kutoka ikiwa na mvi. Kwa miaka thelathini na nne alikaa humo, pale Babati mjini, akigonga mihuri, akifungua majalada na kuyafunga, na kuwaambia watu warudi Alhamisi. Alipotimiza miaka sitini, serikali ilimshukuru, ikampa kiinua mgongo, ikamwonesha mlango. Mgongo uliinuka kweli. Tatizo ni kwamba na kichwa nacho kiliinuka.

Alikuwa na nyumba mtaa wa Bagara, hapo hapo Babati, vyumba vinne chini ya bati jekundu, kiwanja kikubwa karibu na barabara. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la eka mbili Mutuka, ingawa ukisema "alikuwa na shamba" unamtania, kwa sababu shamba hilo alilijua zaidi mkewe, Lukresia, aliyelilima mahindi na maharage kila msimu tangu walipooana. Watu walimwita Mama Edda, kwa jina la binti yao mkubwa ambaye ni muuguzi Singida. Mtu mwenye akili zake angekaa kibarazani, akanywa maziwa ya ng'ombe wake, akangoja pensheni mwisho wa mwezi. Damasi aliona hayo ni maisha ya mtu aliyekosa mawazo.

"Mimi nitastaafia Arusha," alitangaza siku moja wakati wa chai.

"Umeshastaafu," Lukresia alimjibu. "Ulistaafu Ijumaa."

"Ijumaa nimestaafu utumishi, Mama Edda. Kustaafia ni jambo lingine."

Aliyemtia wazimu huo anaitwa Ludovick. Alikuwa mhasibu wa ofisi ile ile, akastaafu miaka miwili kabla yake, akahamia Arusha, na tangu hapo kazi yake ikawa kutuma picha kwa simu. Ludovick na kikombe cha kahawa. Ludovick na wazungu wawili nyuma yake. Ludovick na miwani ya jua chini ya paa. Na chini ya kila picha maneno yale yale: "Mzee, bado uko huko?" Damasi alipoyasoma alijisikia kama mtoto aliyerudishwa darasa.

Karani hafanyi jambo bila jalada. Alifungua jipya, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: KUSTAAFIA ARUSHA, FAIDA NA HASARA. Upande wa faida ulijaa mpaka chini. Hali ya hewa. Hospitali kubwa. Lami. Kuonana na watu wa mataifa. Mazungumzo ya kiwango. Upande wa hasara aliandika, "Vumbi kidogo," halafu akakumbuka kwamba hata Babati kuna vumbi, akalifuta. Ukabaki mweupe kama ulivyotoka dukani.

Lukresia aliishia darasa la saba, lakini kusoma anajua. Alilichukua lile jalada akiwa ameweka ungo wa maharage miguuni, akalisoma lote bila haraka.

"Huu upande mbona hauna kitu?"

"Hasara hazijajitokeza."

"Maji ya huko ya bure? Maziwa utakamua kwa nani? Mboga utachuma kwenye lami? Pensheni yako laki mbili na themanini, ukishalipa chumba utakula hiyo hali ya hewa? Na ukiugua, Baba Edda, nani atakuchemshia uji?"

Damasi alichukua kalamu, akaandika upande ule mweupe: "Hoja za mke zimepokelewa na zinafanyiwa kazi." Yeyote aliyewahi kupeleka barua serikalini anajua maana yake.

Mbaya zaidi ni kwamba kulikuwa na mnunuzi. Konstantini, jirani yao, mfanyabiashara wa mahindi mwenye tumbo la mbele na simu mbili, alikuwa akikitamani kile kiwanja siku nyingi. Alikuja na futi kamba yake akapima kutoka ukuta hadi barabara, akapiga hatua, akahesabu kwa midomo bila sauti. Nyumba yenyewe hakuwa na haja nayo. Angeibomoa, ajenge fremu sita za maduka. Bei aliyotaja ilimfanya Damasi akae chini. Kwa fedha ile angepata kiwanja kidogo pembezoni mwa jiji, ajenge, aitwe mkazi. Karatasi ya mauzo iliandikwa ikachapwa, ikabaki nafasi moja tu. Sheria haikubali nyumba ya wanandoa iuzwe bila mke kusaini.

"Nitasaini nikishavuna maharage," alisema Lukresia.

Konstantini aliridhika, akaaga, akaondoka. Hakuuliza ni maharage gani. Yale ya msimu ule yalikuwa bado kwenye gunia la mbegu, chini ya kitanda.

Basi wakakubaliana hivi: Damasi atangulie, apange chumba, atafute kiwanja; Lukresia abaki na ng'ombe na shamba mpaka avune. Yangeishia hapo, mtu angekwenda kimya kimya, akaona mambo, akarudi kimya kimya, hakuna ambaye angejua. Lakini Damasi alitaka kuagwa.

Na watu wa Babati ukitaka wakuage, wanakuaga. Ofisi ilimuaga kwa soda na keki iliyoandikwa jina lake kwa kukosewa. Kwaya, ambako aliimba sauti ya nne miaka ishirini bila kuipata, ilimuaga kwa nyimbo tatu na shati la kitenge. Halafu ikaja jumuiya yao ndogo ya Kikatoliki, Jumuiya ya Mtakatifu Ana, familia ishirini na mbili za pale mtaani zinazosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Hao walichinja mbuzi. Walichanga wakamnunulia sanduku la kuvuta, lenye magurudumu manne. Mwenyekiti wao, Mama Xaveria, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe, alisimama kutoa neno akashindwa kulimaliza.

"Baba Edda, tulikuzoea," alisema, akafunika uso kwa kanga.

Watu walilia. Damasi naye alilia, na katikati ya kulia alisikia raha ambayo hajawahi kuisikia, raha ya kuliliwa akiwa mzima. Alihutubia dakika arobaini. Alisema anakwenda lakini moyo anauacha, alisema Babati imemlea, alisema wasiache kusali. Mbuzi alipoa.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe hakuliona. Kwetu watu wanaoagwa ni wa aina mbili: anayehama na marehemu. Hakuna aina ya tatu, ya mtu anayeagwa, akala mbuzi wa watu, akapokea sanduku, halafu Jumatatu akaonekana sokoni akichagua nyanya.

Tena alijifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Katibu wa jumuiya kwa miaka kumi na miwili alikuwa yeye, na daftari la familia lilikuwa kwake. Usiku haujaingia siku ile ile, alichukua rula na kalamu nyekundu, akaweka mstari ulionyooka juu ya jina lake, akaanza kuandika pembeni: "Wamehama."

"Mimi nimehama lini?" aliuliza Lukresia kutoka mlango wa jikoni.

Kalamu ikasimama. Karani wa masjala anaweza kukuchelewesha mwaka mzima, lakini uongo kwenye rejista haandiki. Alifuta herufi ya kwanza, akasahihisha: "Amehama." Chini yake akaandika jina la mkewe kama mkuu wa familia, akatia tarehe, akamkabidhi daftari mwalimu mmoja kijana aliyechaguliwa kuwa katibu mpya. Alijiona amemaliza kazi safi.

Arusha ilimpokea kwa mvua. Ludovick alikuja kumlaki stendi bila miwani na bila kahawa, amevaa koti la mwanawe. Siku hiyo hiyo Damasi aliujua ukweli wa zile picha. Ludovick alikuwa akiishi chumba cha uani nyumbani kwa mtoto wake, na gari la mwanawe lilipopiga honi alikuwa anakimbia kufungua geti. Picha zote zilipigwa siku moja, kwenye harusi, hotelini. Alibadilisha shati mara tatu msalani.

"Kahawa yenyewe ilikuwa ya yule mzungu," alisema. "Alikuwa ameshaimaliza."

Hata hapo Damasi hakushtuka. Alijiambia Ludovick ameshindwa kwa kukosa mpango. Akapanga chumba na sebule Njiro kwa laki mbili kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya miezi sita kwa mpigo, akatoa. Dalali akataka ya mwezi mmoja kwa kumwonesha mlango, akatoa. Kukawa na ya mlinzi, ya taka, ya maji, na ya umeme wa taa ya uani ambayo iliungua tangu mwaka jana lakini mchango wake haukuungua. Kila alipotoa fedha aliandika kwenye jalada. Ule upande mweupe ulianza kupata maandishi, na mwezi wa pili ukahitaji karatasi ya nyongeza.

Siku moja alikwenda sokoni kununua maharage. Muuzaji alichota kwa mikono miwili akayamwaga taratibu.

"Chukua haya mzee wangu, matamu, yanaiva haraka. Haya ni maharage ya Babati."

Damasi aliyatazama. Yalikuwa yale yale, mekundu yenye michirizi, ambayo kwao kuku huyapitia chini ya meza. Aliuliza bei, akaambiwa elfu tatu na mia tano kwa kilo, akanunua nusu. Alirudi ameyashika mkononi kwenye kimfuko, anaona aibu mbele ya maharage.

Lakini kilichomuuma kuliko bei hakikuwa kwenye jalada, maana hakujua akiandike vipi. Babati, kutoka nyumbani kwake hadi kanisani ni mwendo wa dakika kumi, na alikuwa akiutembea kwa nusu saa kwa sababu ya shikamoo. Shikamoo Baba Edda. Marahaba, hamjambo, mama hajambo, ng'ombe hawajambo. Alizoea kuona ni usumbufu. Pale Njiro alitoka asubuhi akapita mageti kumi na manne na hakuna aliyeinua uso. Kijana wa duka alimwambia, "Mambo vipi, mshua?" na Damasi, aliyekuwa amefungua mdomo tayari kwa marahaba, alibaki nao wazi. Hakujua mtu wa miaka sitini hujibu nini. Akasema, "Poa," akaona haya siku nzima.

Alipiga simu nyumbani.

"Mama Edda, huku mambo ni mazuri."

"Nashukuru."

"Ni mazuri sana."

"Basi kaa," alisema Lukresia, akakata, kwa sababu alikuwa shambani na maharage yalikuwa yametoa maua.

Aliyempigia kila siku ni Konstantini. Alisema anangoja, alisema anaongeza milioni mbili, alisema mwanaume hasubiri maharage. "Mwambie mama asaini mwisho wa mwezi huu. Wewe si ndiye mwenye nyumba?" Damasi alikuwa na ile karatasi ya mauzo kwenye mfuko wa koti. Alipiga hesabu, akaona fedha ile ingemfikisha miaka mitatu ya Arusha bila kiwanja, au mmoja na nusu ikiwa na kiwanja. Baada ya hapo asingekuwa na Arusha wala Bagara. Hesabu ilikuwa wazi kabisa. Kiburi nacho kilikuwa wazi, na kila jioni kilishinda.

Halafu akaugua. Homa tu, mafua mazito ya baridi ya mwezi wa saba, si ugonjwa wa kuandikwa. Alilala siku tatu. Siku ya kwanza alingoja mtu agonge mlango. Kule Bagara ukikosa ibada moja wanakuja watu watano, mmoja na uji, mmoja na majani yake ya kuchemsha, na Mama Xaveria anakuja kukugombeza. Siku ya pili aligonga mwenye nyumba, akiuliza ya taka. Siku ya tatu hakugonga mtu, na Damasi aliogopa. Aliogopa waziwazi, kama mtoto. Aliwaza kwamba akifia mle ndani atajulikana tarehe moja, kodi itakapokwisha. Na wakimpeleka Babati, watu watatazamana na kuulizana, huyu si tulishamuaga?

Alipopata nguvu alikwenda kwa Ludovick kumwambia anarudi. Ludovick alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

"Nisikilize. Viwanja vya Singe, kule Babati, bado vinapatikana?"

Kurudi kulitaka ujanja. Alichagua Jumamosi, basi la mchana, akashuka kabla ya stendi ili asionekane, akapita njia ya nyuma kati ya mahindi makavu. Mpango wake ulikuwa aingie kwa mlango wa jikoni, anawe, akae kibarazani asubuhi ya Jumapili na redio, watu wapite wamkute kama vile hakuna kilichotokea. Lakini lile sanduku la kuvuta halikutengenezwa kwa njia za Bagara. Gurudumu moja lilinasa kwenye tuta likabaki huko, na yale matatu yakapiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakajibu.

Alipofika uani aliona viatu mlangoni. Ndala, raba, viatu vya ngozi, jozi kama ishirini. Ilikuwa zamu ya nyumba yake kusaliwa.

Wimbo ulikatika. Kichwa kimoja kikachungulia, kikarudi ndani. Damasi alifikiria kukimbia, lakini sanduku lilikuwa zito. Akavua viatu, akaingia.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele, amina," waliitikia wote, na macho yote yakashuka kwenye sanduku.

Kiti chake, kile cha mikono kilichokuwa chini ya dirisha, kilikuwa kimekaliwa na Konstantini. Alikuwa ameegemea vizuri. Lukresia alikuwa mlango wa jikoni na chupa ya chai mkononi, amepungua kidogo, ana udongo wa Mutuka kwenye kucha. Damasi alipomwona alijua jinsi alivyomkumbuka, akatamani watu wote wale wapotee amwambie hivyo.

Hawakupotea. Katibu kijana alifungua daftari, akapitisha kidole juu mpaka chini, akamnong'oneza mwenyekiti. Mama Xaveria alikohoa.

"Kwa utaratibu wetu," alisema, "kabla ya matangazo, wageni husimama wakajitambulisha. Leo naona tuna mgeni mmoja."

Utaratibu huo uliandikwa na Damasi mwenyewe, na aliwahi kumsimamisha hata padri ajitambulishe. Mtu mmoja alicheka kwa pua. Damasi aliangalia kama kuna wa kumtetea, akaona nyuso za watu waliochanga sanduku wakitaka kujua habari zake. Akasimama, ingawa alikuwa bado hajakaa, yaani alijinyoosha.

"Naitwa Damasi," alisema. "Natokea Arusha."

"Karibu sana, Ndugu Damasi," alisema Mama Xaveria, kama anayemwona mara ya kwanza. "Umefikia kwa nani?"

Zile kuta alizipiga lipu yeye. Bati alilinunua yeye, kwa mkopo wa miaka sita. Miezi mitano alikuwa akitembea na nyumba ile mfukoni, akiiita yangu, akitafuta mtu mmoja tu wa kumsainia iwe fremu.

"Nimefikia kwa Mama Edda," alisema.

Hakuna aliyecheka sasa. Mama Xaveria aligeuka mlangoni.

"Mwenyeji, mgeni unamtambua?"

Lukresia aliweka chupa ya chai mezani. Alimtazama mumewe, koti limelegea mabegani, soksi moja imetoboka. Halafu akamtazama Konstantini kwenye kile kiti mpaka Konstantini akaacha kuegemea.

"Namtambua," alisema. "Lakini mwambieni kwamba nyumba hii haiuzwi. Maharage nimevuna, na sisaini. Akikubali hivyo, akae."

Konstantini alitazama simu yake moja, kisha ya pili. Nafasi ilikuwa imebaki moja, kwenye benchi karibu na mlango, wanakokaa waliochelewa. Damasi alikwenda akakaa hapo na sanduku lake la magurudumu matatu, akaitikia kwa sauti, "Amina," ingawa hakuna aliyekuwa akisali.